Furaha Rasmi Ukumbini Wembley

Serikali ya Malkia wa Uingereza ilitangaza kwamba vita vya visiwa vyake vya mbali vya Falklands vimekwisha, ushindi umepatikana, na kuanzia Jumatatu wananchi wote watafurahi kwa utaratibu. Ili asitokee mtu wa kufurahi ovyo, ikaundwa Idara ya Furaha ya Ushindi, yenye wakurugenzi kadhaa, magari yao, na Pradip.

Pradip alikuwa Ofisa Msaidizi, Furaha ya Jamii Nyinginezo. Alikuwa Mhindi wa Upanga, Dar es Salaam, aliyehamia Wembley, London, zamani, na tangu apate cheo hicho alikuwa hamwamkii jirani kabla hajafunga tai. Kazi yake ya kwanza ilikuwa nzito. Naibu Waziri angekuja Wembley kuwatazama watu wa Afrika Mashariki wakifurahi, na televisheni ingekuwepo. Mwongozo ulisema wacheke kwa kiasi: meno yaonekane, ufizi usionekane.

Kulikuwa na jambo moja ambalo watu wa kwao wote walilijua, lakini Pradip hakuwahi kulitamka ofisini. Mama yake, Jaya, mjane, alikuwa amekwama Jamnagar, India, na pasipoti yake halali ya Uingereza. Aliambiwa asubiri zamu, kwa sababu wenye pasipoti hiyo waliotoka Afrika Mashariki kama yeye huingizwa kidogo kidogo, wasije wakaishtua nchi. Huu ulikuwa mwaka wa saba, na macho yalishaanza kumfifia. Kila siku Pradip alitaka kuulizia, na kila siku alikumbuka kwamba kuna nafasi ya Ofisa Mwandamizi inakaribia kutangazwa. Alikuwa mwoga, tuseme tu ukweli.

Katibu wa chama cha watu waliotoka Tanzania alikuwa Adelina, nesi wa Barking. Alipoonyeshwa ratiba ya sherehe, aliisoma mara mbili.

"Kaka Pradip, risala iko wapi?"

"Hakuna risala, dada. Anahutubia, tunapiga makofi, anaondoka."

"Mgeni rasmi aje, asisomewe risala? Wewe umekulia wapi?"

Pradip akaona haya. "Basi iwe fupi. Na iwe ya shukrani."

"Shukrani zitakuwepo," alisema Adelina. "Mwanzoni."

Siku ilipofika, ukumbi ulifurika. Kalpana, mke wa Pradip, alikuwa amekaanga sambusa tangu alfajiri, na harufu ilifika hadi stesheni. Naibu Waziri, ambaye siku hiyo hakuwa ametia kitu tumboni, alihutubia huku jicho likiwa mezani. Alisema Uingereza haimtupi mtu wake. Alisema mwenye pasipoti ya nchi hii, hata akiwa mwisho wa dunia na kondoo wake, meli zitamfuata huko huko. Watu wakapiga makofi, meno yakaonekana kwa kiwango kinachokubalika, na Pradip akaanza kupumua.

Adelina akashika kipaza sauti.

"Mheshimiwa mgeni rasmi, tunakushukuru kwa hizo meli. Pamoja na mafanikio hayo, tunayo matatizo. La kwanza ni mama mmoja anayeitwa Jaya. Ana pasipoti yako, na yuko Jamnagar mwaka wa saba anasubiri. Yeye haombi meli, atapanda ndege kama watu wengine. Tunaomba utuambie anaingia lini."

Naibu Waziri alitabasamu kwa ustadi, akasema suala hilo litaangaliwa.

"Ahsante," alisema Adelina. "Tunakusubiri uliangalie."

Akakaa. Ukumbi mzima ukakaa mkao wa kula, na hakuna aliyekula. Kamera zikabaki usoni kwa Naibu Waziri, ambaye mwishowe alimwinamia Pradip.

"Wanangoja nini hawa?"

"Jibu, Mheshimiwa. Kwetu mgeni rasmi hujibu risala kwanza, ndipo watu wale."

"Kwani huyo bibi ni nani?"

Pradip angeweza kusema ni mwananchi tu, na cheo kikawa chake. Alimtazama mkewe, aliyesimama kando ya sinia na mikono yenye unga.

"Ni mama yangu," alisema, na kipaza sauti kilichokuwa mbele yao kikaidaka sauti yake, kila mtu akasikia.

Naibu Waziri akaitazama kamera, nayo kamera ikamtazama. "Ataingia mwezi huu," alisema.

Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele, na ufizi ulionekana kinyume kabisa cha mwongozo. Kalpana alilia waziwazi. Pradip naye alilia, na wala hakujali kwamba wakubwa wake walikuwa mstari wa mbele.

"La pili," alisema Adelina.

Akasimama Harjit, fundi magari wa Barking, ambaye dada yake Sushila alikuwa Jalandhar, huko huko India, na pasipoti ya aina ile ile. Nyuma yake akasimama mwingine, na mwingine, mpaka foleni ikauzunguka ukumbi na kutokea mlangoni. Ilikuwa foleni iliyonyooka, bila kusukumana, ya kumpendeza Mwingereza yeyote. Naibu Waziri aliitazama mpaka ilipopotelea nje, kisha akamvuta Pradip mkono na kumuuliza kwa mnong'ono kama angeweza kupata walau sambusa moja.

"Ombi lako limepokelewa, Mheshimiwa," alisema Pradip kwa adabu zote. "Tutakujulisha."