Rubani wa Lipangalala

Jumamosi, 27 Julai 1996

Leo nimemaliza helikopta. Ya jeshi! Mwili ni kopo kubwa la mafuta ya kupikia. Miguu ni njiti za mwavuli wa mke wangu Marsiana. Mapangaboi manne nimeyakata kwenye mfuniko wa sufuria yake, na tumboni nimetia vizibo vya soda. Hizo ndizo risasi.

Nikaisimika uani juu ya mti mrefu. Upepo ukaja. Mapangaboi yakazunguka, vizibo vikalia kama gari bovu linapanda mlima. Kuku wote wa Marsiana wakaruka ua hadi kwa jirani. Jogoo ndiye aliyetangulia.

Marsiana akauliza mfuniko uko wapi. Nikamjibu uko vitani. Hakucheka. Wali wa jioni ulikuwa na kiini, akasema mvuke wote umetorokea angani, niufuate na helikopta yangu. Nimekula hivyo hivyo. Askari hachagui chakula.

Jumapili, 28 Julai

Baada ya misa nikapita kwa Mwanasha kunywa chai. Kwenye benchi nikamkuta Fulgensi, amekaa mahali pangu, makusudi.

Huyu Fulgensi ni Mngoni. Alikuwa fundi karakana kwenye mashamba ya miwa, akastaafu, akahamia hapa Lipangalala kunisumbua. Mimi Mpogoro. Sisi ni watani tangu babu zetu walipopigana. Mtani anakutukana hata msibani, anachukua kitu chako mchana kweupe, na wewe unacheka. Ukikasirika unalipa jogoo. Ndiyo sheria.

Nikawaeleza watu habari ya helikopta yangu. Fulgensi akasema hata yeye anachonga moja. Mwigaji! Akauliza yangu ina mapangaboi mangapi. Nikasema manne. Akasema ya jeshi ya kweli ina mawili, na mimi niliyahesabu nikiwa wapi, jikoni? Benchi zima likacheka. Mwanasha akamwaga chai.

Watu wote hapa wanajua kwamba vita vya Kagera nilirushwa na helikopta. Nimewaambia mwenyewe, miaka na miaka. Fulgensi anaeneza kwamba nilikuwa nyuma huko namenya ndizi. Uongo mtupu! Vilikuwa viazi. Na helikopta ilipita juu yangu mara nyingi. Mtu akiiona sana namna ile, amebakiza kupanda tu.

Ndipo akaja Bwana Shamba Anselim na tangazo. Jumatatu ya tarehe tano, uwanjani, watachagua kitu kimoja cha ubunifu kipelekwe Morogoro kwenye Nane Nane. Mwenye nacho atapanda lori la maonyesho, kiti cha mbele! Fulgensi akasimama akasema haya, kati yetu sisi wawili, wa kwenda Morogoro ataitwa Rubani, na wa kubaki atampigia saluti kila asubuhi hapa hapa kwa Mwanasha. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Mwanasha ni shahidi.

Rubani Melkiori. Limekaa vizuri jina hilo.

Jumanne, 30 Julai

Nimekwenda kwa Fulgensi kuazima msasa. Msasa ninao. Nilikwenda kupeleleza.

Mungu wangu! Ameichonga kwa mtiki. Ina mlango. Ndani ina viti, na rubani mdogo mwenye kofia ya chuma. Kioo ni plastiki ya chupa ya dripu. Ubavuni amepanga vichwa vya pini, vimenyooka kama gwaride, eti ndizo ribiti. Kwenye bomba la moshi amefukiza mshumaa hadi pakawa na masizi ya kweli. Anasema siku moja helikopta ilitua kule mashambani, akaizunguka kwa miguu akiipima. Sasa kila hatua moja ya ile ni vidole viwili vya hii. Mimi napima kwa jicho, sihitaji kutembea.

Nikamwambia si mbaya, kwa mtoto inatosha. Nikarudi nyumbani, nikaitazama yangu. Ilikuwa bado inanuka mafuta ya kupikia.

Alhamisi, 1 Agosti

Akili yangu haijazeeka. Yeye ana ribiti za pini? Mimi nimepata ribiti za chenga za mchele! Nimezibandika kwa uji mzito, moja moja, ubavu mzima, macho yananitoka. Zikawa nyeupe, zinapendeza. Nikailaza helikopta juu ya mkeka ikauke, nikaenda kuwaita majirani waje waone.

Tumerudi tumekuta kuku. Wamekula ribiti zote za kulia na sasa walikuwa wanageuza ndege wapate za kushoto. Majirani wamecheka hadi wakakaa chini. Marsiana akasema ndiyo mara ya kwanza helikopta ya jeshi kuangushwa na tetea.

Nimeirudisha juu ya mti. Nimechukia kuku.

Ijumaa, 2 Agosti

Nimepata dawa. Utani!

Fulgensi amekwenda msibani Mkula hadi kesho. Nikavaa koti, nikaenda kwake mchana, mlango wa mbele, mbele za watu. Mkewe Paskalina akaniamkia shikamoo. Nikaitika marahaba, nikaiinua ile helikopta ya mtiki, nikatangaza: nimeiteka, utani! Kitu kilichotekwa na mtani hakijaibiwa. Mwenyewe anakuja kukikomboa, na anayepanga cha kukombolea ni mimi. Nitamtajia ng'ombe. Ng'ombe hana! Jumatatu itafika hajakomboa.

Paskalina hakubisha hata kidogo. Akanipa na kanga yake kuukuu nifunikie isipate vumbi. Alikuwa anacheka. Wanawake wanapenda ushujaa.

Jumamosi, 3 Agosti

Asubuhi nimezunguka mji mzima kutafuta rangi. Nimepata ya kijani iliyobaki kwenye geti la mtu. Nimeipaka helikopta mabakamabaka, kijani na udongo, pini zote zikazama. Sasa ni yangu. Ukikipaka kitu rangi umekizaa mara ya pili.

Nilipomaliza nikainua macho. Juu ya mti hakuna kitu!

Nikamwita Marsiana. Akasema Fulgensi alikuja nilipokuwa kwenye rangi. Alisalimia vizuri, akanywa maji, akasema utani, akaichukua. Nikamuuliza alifikaje kule juu. Akasema alimshikia ngazi.

Mke wangu mwenyewe! Lakini nikacheka hadi nikakohoa. Achukue kopo lake! Nimempa bati, nimebaki na mtiki. Mngoni gani huyu? Babu zake wangemkana.

Jumatatu, 5 Agosti

Kalamu inatoboa karatasi. Ni hasira, na humu daftarini naruhusiwa.

Uwanja ulijaa. Waliandaa meza, na mbele ya meza mama mmoja Msukuma, Nyamizi, alikuwa ametandaza mpunga wake bora juu ya turubai. Ndege wakawa wanashuka kuudonoa, yeye anawafukuza kwa kanga, wanarudi, anawafukuza. Mimi niliweka helikopta yangu katikati ya meza. Fulgensi akaja na kopo limefungwa kwenye ufito mrefu, akauchomeka chini pembeni. Nikamsalimia kwa upole sana. Naye akaniita mtani wangu mpenzi. Hapo ningepaswa kushtuka.

Bwana Shamba Anselim akaanza na mimi. Nikasimama wima. Nikaeleza nilivyoichonga kwa mikono hii miwili, nilivyopiga hatua kuizunguka ile ya kweli, nilivyokaa ndani yake vitani dirishani. Nilisema vizuri hadi nikajiamini. Akauliza inamsaidiaje mkulima. Nikasema inalinda mipaka, na shamba liko ndani ya mipaka. Akaitikia kwa kichwa. Akaishika. Vidole vikatoka na kijani. Rangi ya geti haina haraka. Akaniomba nimfungulie mlango aone ndani.

Mlango!

Nikausukuma. Nikauvuta. Nikabonyeza kioo. Nikajaribu kwa nyuma, mkia ukabaki mkononi mwangu. Fulgensi akasogea, akasema samahani mtani, akaugusa kwa kidole kimoja, ukateleza kama siagi. Mwanasha akauliza kwa sauti rubani gani huyu, vitani alikuwa anaingilia wapi? Uwanja ukalipuka.

Nikajipa moyo. Nikasema moyoni bado kuna kopo, kopo litatuchekesha sote.

Upepo ukaja. Upepo ule ule wa uani kwangu! Mapangaboi yangu manne yakazunguka, vizibo vyangu vikanguruma, na ndege wote juu ya mpunga wa Nyamizi wakaruka kwa pamoja, wakapotea upande wa mtoni. Hawakurudi. Tulingoja. Hakuna hata mmoja. Nyamizi akaweka kanga chini, akasema jamani, hicho kitu nakitaka, mimi na wanangu tunapiga kelele mashambani tangu mpunga unachanua hadi sauti zinatukauka. Bwana Shamba akalizunguka lile kopo mara mbili kama mtu anachagua ng'ombe. Akasema hiki ndicho kinakwenda Morogoro. Akauliza ni kazi ya nani.

Nikapiga kelele: yangu! Hiyo ni yangu!

Fulgensi akageuka taratibu. Akasema hakuna ubaya, kama kopo ni la mzee Melkiori, basi kiti cha mbele ni chake na yeye atapiga saluti. Ila mzee atuambie tu, hii ya mtiki aliyoichonga kwa mikono yake miwili, ni ya nani?

Watu wote wakanitazama. Marsiana naye alikuwepo. Neno moja tu, ningekuwa nimekaa kwenye lori. Neno lilifika hapa, kwenye meno.

Nikasema ya mtiki ni yangu. Mzee hageuzi kauli mbele ya watu.

Basi kopo ni la Fulgensi, akasema Bwana Shamba, akaandika. Nikatupa ule mkia chini, nikaukanyaga. Fulgensi akarusha mikono juu: mtani amekasirika! Jogoo! Uwanja mzima ukaitikia: jogoo!

Jumanne, 6 Agosti

Jogoo ameondoka. Alikwenda kwa Fulgensi kwa miguu yake, Marsiana akimswaga. Yule jogoo aliyekuwa wa kwanza kukimbia kopo! Aliona mapema kuliko sisi wote.

Lori limepita kwa Mwanasha. Fulgensi mbele, mkono nje ya dirisha, kopo langu mapajani. Akamwambia dereva asimame. Nikapiga saluti. Mwanasha akasema mkono uko chini, nikarudia. Fulgensi akanyoosha kichwa akaniambia eti watu wanataka vitisha ndege vingi, na yeye mtiki anauweza lakini bati linamshinda, nikitaka kazi nije karakanani kwake akirudi. Kibarua! Mimi! Niwatengenezee helikopta zangu, aitwe Rubani yeye!

Nimekataa kwa heshima. Nilipiga saluti nyingine, ila hii ilikuwa ya dharau. Sidhani kama tofauti ilionekana.

Jumapili, 11 Agosti

Misa. Chai. Saluti. Fulgensi amerudi na kofia mpya. Hata padri amemwita Rubani.

Nimefikiri sana nilipokosea, nimeona sikukosea popote. Kosa ni la helikopta. Helikopta ni kitu cha angani, upepo wowote unaingilia mambo yako. Mtu mwenye akili anakaa chini.

Jana Marsiana amenunua sufuria mpya, kubwa, ya shughuli. Mfuniko wake ni mzito, wa mviringo, na ukiugeuza ni kichwa cha kifaru kabisa! Mtutu nimeshauona, ni bomba la pampu ya baiskeli ya Fulgensi. Kesho anakwenda Chita, na mtani hapigi hodi.

Vita vya Kagera mimi niliendesha kifaru. Sijawahi kumwambia mtu. Kesho naanza.