Nyumba Iliyotangazwa Kuwa Zao

Kwa heshima na taadhima, wananchi wanatangaziwa kuwa lile jengo la ghorofa nne la mianzi na mabua, ambalo Mkurugenzi wetu alilizindua kwa kuahidi kuwa litasimama miaka mia, si jengo tena. Ni zao. Waraka niliuandika mimi, Katibu wa Kamati ya Makazi Oteshwa, inayosimamia nyumba za namna hiyo, na sijutii hata nukta.

Msidhani tulikurupuka. Chanzo ni joto. Ofisi yetu ni ya zege na vioo, na ikifika saa nane mchana hata mafaili yanatoka jasho. Kule kwenye mianzi, kuta za mabua yaliyoshindiliwa na kupigwa chokaa zinapoa kama mtungi. Mkurugenzi alikwenda kukagua, akaketi kwenye kiti cha mpangaji, akalala usingizi wa pono. Alipoamka alitamka kuwa nyumba nzuri kiasi kile haiwezi kuachiwa watu wa kawaida.

Ila wapangaji wana mikataba, na sheria ya nyumba haina mchezo. Hapo ndipo kichwa changu kilipochemka. Mwanzi ni mmea. Bua ni mmea. Na nani amewahi kusikia mtu ana mkataba wa kupanga mahindini? Kamati ilinipigia makofi, kisha ikaagiza chai nyingine.

Nilipeleka habari mwenyewe. Ghorofa ya tatu nilimkuta msusi yuko kazini, na mama mkwe wake amenyoosha miguu mkekani.

"Mama, kuanzia Jumatatu hamkai hapa," nilimwambia msusi. "Hili ni zao."

"Zao la nini, baba?"

"Mchanganyiko."

Hakucheka. Vidole vyake vilisimama kwenye nywele za mteja. "Tulikotoka tulikaa chumba cha mabati. Mama huyu presha ilimpanda kila adhuhuri, mpaka tukawa tunambeba kwenda hospitali. Sasa anakwenda sokoni kwa miguu yake. Ukitutoa hapa, nitamzika."

Iliniuma, siwezi kukana. Lakini maumivu hayakuwamo kwenye ajenda.

"Muulize, mwanangu," mama mkwe alisema taratibu, "zao lao lina mkulima?"

"Kila zao lina mkulima, bibi," nikamjibu kwa fahari. "Waraka unasema wazi: mkulima ni yule anayelitunza, na haondolewi kabla ya mavuno." Kipande hicho nilikinakili kutoka Idara ya Kilimo ili waraka ujaze kurasa mbili.

"Na chokaa hii, mvua zikipita, nani huipaka upya?"

"Si ninyi wenyewe?"

"Haya, baba. Mpe mgeni maji, mwanangu."

Jumatatu, Mkurugenzi alifika na masanduku yake na kochi la ngozi. Bwana shamba naye alifika, pampu ya dawa mgongoni. Alikuwa ameupata waraka wangu, na kwa bahati mbaya ni mtu anayesoma mpaka mwisho.

"Hawa wapaka chokaa ndio wakulima," alitangaza. "Wanabaki hadi mavuno."

"Mavuno lini?" Mkurugenzi aliuliza.

"Si ulisema mwenyewe siku ya uzinduzi, mzee? Miaka mia. Na wewe, umewahi kulitunza zao hili?"

"Mimi ni Mkurugenzi."

"Umelitunza, hukulitunza?"

"Sikulitunza."

"Basi kilichomo ndani ya zao na si mkulima, ukurasa wa pili unakiita mdudu mharibifu." Akaanza kupiga pampu.

Mkurugenzi alinigeukia. "Katibu, hebu mweleze."

Nikamweleza. Nilisema waraka ni halali, na saini iliyo chini ni ya Mkurugenzi.

"Mpishe njia, mwanangu," mama mkwe alimwambia msusi pale kwenye ngazi. "Mdudu anashuka."

Sasa tumerudi kwenye zege letu. Mkurugenzi ameniagiza niandike waraka wa kuitangaza ofisi nayo kuwa mmea, labda itapoa. Kamati imekaa, imekunywa chai, na tumekwama kwenye kipengele kimoja tu: hajapatikana mtu aliyewahi kuitunza.