Mteremko Ulionuka Kabichi

Redio ya mgahawa wa Stamena ilitangaza saa mbili asubuhi: dhoruba ya theluji itafika milima ya Rodopi kabla ya saa sita, barabara za milimani zimeshaganda, watu wasisafiri, na wilaya imejipanga kikamilifu. Kwenye "imejipanga" Goti akapaliwa na kahawa.

"Mwaka jana nao walijipanga," alisema akifuta ndevu. "Greda la kusukuma theluji likaja mwezi wa nne. Lilikuja kuangalia maua."

Jina lake ni Zapryan; Goti tumempa sisi, maana goti lake la kushoto linatabiri hali ya hewa, na anatangaza kila linachomwambia.

"Leo linasemaje?" nikamuuliza.

"Linasema redio imechelewa siku mbili, Mwalimu."

Waziri akashusha gazeti. Jina hilo ni utani wetu tu: alikuwa karani wa wilaya miaka thelathini, na mpaka leo ukiisema wilaya anahisi umemsema yeye. "Hamna shukrani nyie. Oktoba lori halikuja? Halikumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu pale Mteremko wa Mbuzi, rundo zima?"

"Iko wapi sasa?" Goti akamkata. "Jana nimepita, pamebaki kibao kimeandikwa Chumvi. Tukitandaze hicho kibao barabarani?"

"Wakubwa wameshakula," nikasema. "Saa hizi imemwagwa uani kwa mtu, mkewe asiteleze."

Tukacheka. Stamena, mwenye mgahawa, hakucheka. Tangu tuingie alikuwa anafuta kikombe kilekile. Binti yake Nevena alikuwa juu ghorofani, uchungu umemshika alfajiri, wiki mbili kabla ya tarehe ya kujifungua, na gari la wagonjwa lilikuwa njiani kutoka mjini.

Simu ikalia. Akasikiliza, akaiweka chini taratibu.

"Gari liko chini ya mteremko. Limepanda mara tatu, mara tatu limerudi kinyumenyume. Dereva anasema bila chumvi hapandi."

"Tumshushe na gari langu," Waziri akajitolea.

"Gari lako breki zake ni maombi," Goti akasema. "Kiangazi tu linashuka lenyewe."

"Zapryan," Stamena akaita. Hapo tukajua kumeharibika, maana jina hilo hulisikia kwa padri tu. "Novemba, ulipochachusha kabichi zako kwenye pipa, ulizitia chumvi ya wapi?"

Goti akaangalia dari. "Ndoo mbili tu, dada. Ilikuwa nzuri, imekaa bure."

"Waziri?"

"Mimi nilichukua kwa utaratibu."

"Mwalimu?"

Mimi nilikwenda na toroli. Mara tatu. Nikakoroga kahawa isiyo na sukari.

"Na mimi gunia," Stamena akasema. "Kijiji kizima. Mnatukana wakubwa humu, na chumvi ya barabara imelala kwenye mapipa yetu na kabichi. Mwanangu yuko juu pale. Itoke."

Hakuna aliyemaliza kahawa. Tukagonga mlango kwa mlango, mapipa yakatoka stoo kwa matoroli, tukamimina maji yake ya chumvi barabarani, kuanzia juu ya mteremko, na kutandaza majivu ya majiko juu yake. Goti alimwaga lake akiwa amegeuza uso. Maji ya kabichi ndiyo dawa yake kila asubuhi baada ya usiku wa rakia, pombe yetu kali.

"Nitapona na nini miye?" alikuwa akinung'unika.

"Acha kunywa," Waziri akamwambia.

"Usinitukane, bwana."

Barafu ikalainika, gari likapanda likikoroma. Dereva akashusha kioo, akanusa. "Nani anapika hapa?"

Tukampakia Nevena na mama yake, na theluji ya kwanza ikaanza kudondoka wakishuka.

Saa tisa Stamena akapiga simu: mtoto wa kike, kilo tatu, wote wazima. Waziri akalia waziwazi, hakujificha. Kisha redio ikaleta habari za barabara: Mteremko wa Mbuzi unapitika, kutokana na chumvi iliyopelekwa mapema na wilaya.

Goti akafungua mdomo atukane, akaufunga.

"Mbaya zaidi," akasema, "safari hii hawajadanganya."