Mita Mbili za Shemeji

Jumatatu, 7 Oktoba

Kibao kipya kwa shemeji Ang Kami! Rangi nyekundu, herufi zinasomeka kutoka ng'ambo ya mto: HOTELI YA JUU KULIKO ZOTE BONDENI, MITA 4,112. Changu kinasema 4,110. Mita mbili tu! Wageni sasa wanapita mlangoni kwangu wakihema, wananipungia mkono, wanakwenda kulala kwake ili wapate la kusimulia kwao.

Kuna baya zaidi. Jumatatu ijayo anakuja bwana wa ramani kutoka Kathmandu. Hapa Gyalungma tuna hoteli mbili, na ramani ina nafasi ya jina moja. Atachukua ya juu. Yangu, Hoteli ya Mzee Phurwa, aliijenga marehemu baba mwenye jina hilo, kila jiwe alilibeba mgongoni, wakati Ang Kami bado anafungwa viatu na mama yake. Jina la baba halijawahi kuandikwa kwenye karatasi yoyote. Safari hii litaandikwa. Nimeapa mbele ya mke wangu Yangji, dada wa Ang Kami. Akasema sawa, lakini kwanza nikakamue yaki.

Jumanne, 8 Oktoba

Bahati imeingia yenyewe, na mkoba mgongoni! Mgeni wa chumba cha chini, Bi Sabita Adhikari, ni mtaalamu wa miamba. Nilimwandalia chapati tatu za viazi, naye akanieleza milima ilivyotokea. Ngozi ya dunia imekatika vipande, anasema, mabamba makubwa yanayotembea. Bamba la India linakwenda kaskazini kila mwaka urefu wa njiti ya kiberiti. Linaisukuma Asia, hakuna anayempisha mwenzake, basi ardhi inakunjamana na kuinuka. Akanionyesha jiwe la kutoka kule juu lenye mabaki ya viumbe wa baharini. Vilele vyetu vilikuwa sakafu ya bahari! Nimetembea uani kifua mbele. Watu wa pwani wana bahari yao imelala. Sisi ya kwetu tumeisimamisha wima.

Na bado tunapanda, labda punje ya mchele kwa mwaka. Nyumba hii ilipimwa miaka arobaini iliyopita. Nikapiga hesabu, nikapata sentimita ishirini na kitu. Nikaongeza kidogo kwa heshima ya marehemu. Kufika saa sita mchana kibao changu kinasoma 4,113.

Saa nane cha Ang Kami kinasoma 4,115. Kumbe Sabita alikunywa chai kwake pia.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimemuuliza Sabita kama kwangu hakuwezi kupanda upesi kuliko kwa shemeji. Akasema labda kama kungekuwa na ufa mkubwa ardhini katikati yetu. Ufa! Na kile kijito kinachotutenganisha ni nini?

Wakati wa mlo wa mchana nikawatangazia wageni wote, wakiwamo wa Ang Kami waliokuja kuazima chumvi, kwamba mimi niko Asia na shemeji yuko India. Yeye anadidimia chini yangu. Hilo halina ubishi, ni sayansi. Wageni wakapiga picha kijito.

Haikupita nusu saa, Ang Kami huyo mlangoni, mikono kiunoni.

"Shemeji Urkien, nasikia mimi ni India."

Nikamwambia asione aibu, ndivyo ilivyo.

"Basi mimi ndiye ninayekusukuma. Siku ukifika juu, uje unishukuru."

Wageni walicheka mpaka mmoja akapaliwa na mchuzi. Sabita akaniharibia zaidi: mpaka wenyewe uko mbali kaskazini, na nyumba zote mbili zimekaa upande mmoja. Kijito ni kijito tu. Anaujua mwamba, lakini hajui kumsitiri mwenyeji wake.

Alhamisi, 10 Oktoba

Sabita ameweka uani kipimo cha miguu mitatu, kinachosikiliza satelaiti. Amekisimamisha juu ya msumari wa shaba ambao mwalimu wake aliugongomea kwenye jiwe miaka sita iliyopita. Kingine kiko kwa Ang Kami, juu ya msumari kama huo. Siku tatu, halafu atatoa majibu. Sabita alipokwenda kijitoni kufua soksi, nikakipandisha cha kwangu darini. Kwa uangalifu mkubwa! Hata nikakifunga kamba.

Aligundua kabla soksi hazijakauka. Alisema kwa upole kwamba hakuna ardhi duniani inayopanda mita tatu kati ya saa nne na saa tano asubuhi, isipokuwa yenye ngazi. Yangji alinisimamia nikikishusha. Kisha akaondoka na ngazi.

Ijumaa, 11 Oktoba

Yangji bado kaninunia. Nimekula viazi baridi.

Jumapili, 13 Oktoba

Majibu. 

Kwa Ang Kami mwamba ni mzima, umepanda punje chache. Kwangu, tangu msumari ugongomewe, pameshuka nusu shubiri na kusogea shubiri nzima kuelekea mtoni. Milima inainuliwa kutoka chini, Sabita alisema, na mvua na barafu zinaibomoa kutoka juu. Nyumba ya baba imekaa kwenye kifusi, na kifusi kinateremka. Akauliza kama kuna nyufa. Nikaanza kupanga vikombe. Yangji akaondoa kalenda ukutani jikoni, na ufa ukaonekana. Niliufunika mwenyewe mwaka juzi.

Hakuna kulaza mgeni humu tena. Masika yajayo huenda tusiwe na nyumba. Nilikwenda nyuma ya rundo la kuni nikalia. Sikulilia ramani. Nilikililia kibanda cha baba.

Ang Kami alinikuta hapo, na birika la chai ya siagi. Nilingoja anicheke. Akamimina vikombe viwili.

"Kwangu kuna mwamba wa kutosha," alisema. "Lete mawe ya baba yako, jiwe kwa jiwe. Mimi na wanangu tutabeba. Chagua mwenyewe pa kujenga."

Nikapokea kikombe. Huyu mtu nimemwita India mbele ya wageni.

Jumatatu, 14 Oktoba

Bwana wa ramani amekuja, amemwandika Ang Kami. Stahili yake. Nilimpa mkono, na moyo wangu ulikuwa mweupe kabisa.

Mchana tumehamisha mawe arobaini na moja. Kiwanja nimeshakichagua: nyuma ya jiko lake, kwenye ule mwinuko. Nimemwambia ni kwa sababu ya jua. Akanikumbatia. Yangji ameniuliza, kama ni jua, mbona nimelala kifudifudi ukingoni na kamba yenye jiwe, napima mpaka kwenye msingi wa kaka yake.

Mita tatu na nusu! Na bado mlima unakua. Sabita anasema shemeji naye atapanda pamoja nami. Sawa. Lakini si kwa bidii kama yangu.