Mfalme Aliyelala Montgrelu

Fulgence Barbizet, mwenyeji wa Lyon ambaye maishani hakuwahi kuuza kitu kilicho chake, alisimama Montgrelu kwa chakula cha mchana akaona kibao: kasri linauzwa. Lilikuwa na minara miwili, mmoja ukiwa bado wima, na paa ambalo mvua ilipita bila kubisha hodi. Lakini ukumbini palikuwa na meko ya mawe, mapana kiasi cha kubanika ng'ombe mzima pamoja na mchungaji wake, yaliyochongwa simba wenye sura ya paka waliofiwa. Barbizet alimjua tajiri mmoja wa soseji, Bwana Grosdidier, aliyekuwa akijenga jumba jipya mjini na kulitafutia ukale. Meko yale, yakibomolewa jiwe kwa jiwe, yangelipa kuliko kasri zima.

Basi akavunja desturi yake, akanunua kitu kwa fedha zake mwenyewe, tena zote: mavuno ya miaka kumi na moja ya kazi isiyo na kiinua mgongo. Muuzaji, Bibi Hermance de Courtaillac, mjane wa miaka themanini na minne, aliweka sharti moja: abaki na vyumba viwili mpaka afe. Ni sharti la kawaida kwetu. Mnunuzi hulikubali, huulizia afya ya muuzaji kwa upole, kisha husubiri. Barbizet aliulizia, akaambiwa kuwa bibi anavuta sigara. Akatia saini.

Grosdidier akaja, akayagonga meko kwa kidole kama anayechagua tikiti maji.

"Mawe mazuri. Nani alikaa hapa?"

"Watu wakubwa, mzee."

"Wakubwa gani? Mimi natengeneza soseji, bwana, naijua nyama iliyochanganywa na mkate. Nipe mfalme, nanunua. Bila mfalme hili ni jiko tu."

Barbizet akampa mfalme. Aliloweka karatasi kuukuu katika chai, akaandika barua ya msimamizi wa kasri wa mwaka 1589, ikieleza jinsi mfalme alivyolala mbele ya meko hayo akiugulia tumbo baada ya kula mikunga, wale samaki warefu kama nyoka. Sanaa ilikuwa kwenye lile tumbo. Mwongo mchanga angempa mfalme ushindi. Barbizet akaificha barua nyuma ya simba wa kushoto na, kwa kuwa ugunduzi hupendeza ukifanywa na mtu mwaminifu, akamwalika Achille Pommerol, mwalimu mstaafu na mwenyekiti wa chama cha historia cha kijiji. Chama hicho, chenye wanachama tisa, kilikuwa kimetafuta kwa miaka thelathini tukio lolote lililowahi kutokea Montgrelu. Pommerol aliisoma barua, akalia, akaituma wizara ya utamaduni siku hiyo hiyo.

Akaja mkaguzi wa majengo ya kale, mtu makini. Alithibitisha kuwa meko ni ya mwaka 1589 kwa sababu barua inasema hivyo, na kwamba barua ni ya kweli kwa sababu ilikutwa ndani ya meko ya umri huo. Kasri likatangazwa urithi wa taifa. Kisheria, hakuna jiwe litakalong'olewa, na mwenye mali ataliezeka paa upya kwa vigae vya mawe vilivyochongwa kwa mkono. Grosdidier akaenda kununua meko kwingine.

Barbizet alimkuta Bibi Hermance akimenya tufaha. Akamweleza, kwa sauti ya mtu aliye kanisani, kwamba huenda barua ile ina kasoro.

"Ni ya uongo, mwanangu, najua. Meko hayo aliyajenga babu yangu mwaka 1911. Simba hao ni paka wake."

"Na ukanyamaza?"

"Miaka arobaini nimeiomba wizara iliokoe kasri hili, na jibu ni lile lile: hakuna mfalme aliyelala hapa. Kughushi siwezi, nina jina la kulinda. Nikaweka kibao, nikasubiri mtu asiye na jina."

"Nitakwenda kukiri."

"Nenda. Gerezani hakuvuji."

Hakwenda. Ilipofika Septemba, zile siku za urithi ambapo majengo ya kale hufunguliwa kwa umma nasi tunapanga foleni kutazama nyumba za watu wengine, alisimama mlangoni, viganja vimejaa malengelenge ya vigae, akiwasimulia wageni habari za mfalme na mikunga. Mwanamke mmoja kutoka Tours akamuuliza kama kweli mambo hayo yalitokea.

Barbizet alivua kofia.

"Hapana, mama," alisema. "Nimeyatunga mwenyewe."

Ukumbi mzima ukacheka na kumpigia makofi. Nyuma kabisa, Pommerol alimnong'oneza jirani yake kwamba hivyo ndivyo walivyo wasomi wa kweli: wanyenyekevu.