Ushahidi wa Matope

Jumatatu, 18 Agosti 2025

Nimepata kazi! Mlinzi wa matope. Jirani yangu Joram, mwalimu mstaafu, amecheka mpaka akashika mbavu. Kumbe aliomba kazi hiyohiyo akakosa! Amepewa kupiga kasia tu.

Wageni ni wawili, Daktari Philomena wa chuo kikuu na fundi wake Omondi. Wamefunga mitumbwi miwili pamoja katikati ya ziwa letu dogo hapa Nyarero. Wanasukuma bomba chini, wanalivuta limejaa matope. Daktari anasema kila mwaka ziwa linajitandikia tabaka jipya, na ndani yake inaanguka chavua, ule unga wa maua. Matope meusi yenye chavua nyingi ya miti ni miaka ya mvua na msitu. Matope meupe yenye chavua ya nyasi ni ukame. Na ukame, anasema, ulikuja na kuondoka hapa mara nyingi kabla mtu yeyote hajashika jembe.

Kabla ya mtu yeyote! Nimemwomba arudie.

Niandike kwa nini. Baba yangu Kisyeri alikuwa mganga wa mvua. Mwaka 1984 mvua ilikataa, ng'ombe wakaisha. Ritongo, mkutano wa ukoo, likaamua kwamba ameifunga mvua kwa chuki. Akafukuzwa. Alifia huko Manchira akichunga ng'ombe wa watu. Wazee wakakataza jina lake lisipewe mtoto yeyote, na kwetu marehemu anaishi kwa wajukuu wanaoitwa jina lake. Baba haishi popote.

Mama amevimba miguu, hali chochote ila uji, na uji wenyewe vijiko vitatu. Mkwe wangu Boke, mke wa mwanangu, ana mtoto wa kiume wa wiki tatu ambaye bado hana jina. Mama anataka amwite Kisyeri kabla hajafa. Haombi kingine. Ritongo linakaa Jumamosi.

Nimemwomba Daktari aje awaonyeshe wazee matope yake. Amekubali! Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi.

Jumanne, 19 Agosti

Mabomba mawili yako kwenye banda langu. La kwanza Daktari amelifunga utepe mwekundu mahali anapokadiria kuwa ni miaka arobaini iliyopita. Atalipasua kesho. La pili limefungwa kwenye sanduku, linakwenda chuoni.

Nimechungulia kwenye utepe. Bomba ni la plastiki, linaonyesha. Meusi! Juu meusi, chini meusi. Nikalifuta kwa shati nikachungulia tena. Meusi vilevile.

Wazee wakiona meusi watasema mbingu hazikuwa na kosa, ni Kisyeri tu. Na mimi mwenyewe nitasema nini?

Saa saba wote walikwenda kula samaki. Nikafungua kifuniko. Nikachota matope kwa kijiko cha mboga mpaka kwenye utepe. Nikatia vumbi jeupe la barabarani, vikombe viwili, nililochanganya na maua ya nyasi niliyoyapukuta kwa mkono. Nikarudisha matope, nikashindilia kwa mwiko. Kazi safi. Boke ameuliza mwiko wake umefanya nini. Nimemwambia ni mambo ya sayansi.

Jumatano, 20 Agosti

Balaa!

Daktari amelipasua bomba kwa urefu. Kuanzia juu mpaka kwenye utepe, ndani ni uji uliokorogwa, na katikati vumbi kavu limekaa donge kama unga usioiva. Akauliza nani amegusa. Nikasema panya. Omondi akauliza ni panya gani anafungua kifuniko, anashiba, halafu anakifunga. Joram akasema Nyarero panya wamesoma.

Daktari hakunigombeza, na angenigombeza ingekuwa afadhali. Alinionyesha kwa ncha ya kisu. Chini kidogo ya utepe, pale kijiko changu kilipoishia, kulikuwa kumebaki uzi mweupe, mwembamba kama ukucha. Akasema huo ndio mwisho wa tabaka la ukame, na tabaka lenyewe lilikuwa juu yake, unene wa kidole pengine. Weusi niliouona kwenye plastiki ni matope yaliyojipaka pembeni wakati wa kuvuta bomba. Ndani palikuwa peupe.

Palikuwa peupe! Nilichota ushahidi wa baba kwa kijiko nikaukoroga.

Akasema hawezi kusimama mbele ya wazee na matope yaliyochezewa. Bomba la pili litafunguliwa chuoni, majibu baada ya miezi miwili. Mama hana miezi miwili. Nilikwenda nyuma ya banda nikalia, kuku wakinitazama.

Alhamisi, 21 Agosti

Wageni wameondoka asubuhi. Nimefikiri. Daktari angekuwepo Jumamosi angesema nini? Ninajua angesema nini. Basi kumwandikia barua si uongo, ni kumpunguzia safari.

Nimeandika ukurasa mzima. "Mimi Daktari Philomena nimeyahoji matope kwa muda wa miaka elfu kumi." "Chavua ya nyasi imekiri yenyewe." Nilipofika "marehemu Kisyeri alikuwa mtu mpole" nikapiga mstari chini yake mara mbili.

Muhuri nimeazima kwa mweka hazina wa kanisani. Nimeugonga nikiuvuta kidogo, maneno yasisomeke.

Jumamosi, 23 Agosti

Sijui kama nitaweza kuandika yote.

Mzee Hezekia ndiye mwenyekiti wa ritongo. Ni baba yake Joram, na mwaka ule ndiye aliyetangaza baba afukuzwe. Macho yake hayaoni vizuri, akampa Joram asome. Joram akasoma kwa sauti ya darasani. Kwenye miaka elfu kumi watu wakaguna. Kwenye chavua kukiri wakacheka. Halafu akaigeuza karatasi kwenye mwanga, akasema muhuri ni wa kwaya ya vijana.

Walicheka mpaka wengine wakashika miti. Mzee Hezekia hakucheka. Alisema mtu anayemtetea baba yake kwa karatasi ya uongo, bila shaka ukweli anaujua na unamuuma. Kisha akasema mbele ya wote kwamba wao hawakuwa na ugomvi na Kisyeri. Kwamba ni mimi, mtoto wake wa miaka saba, niliyewaambia baba amekigeuza chungu cha mvua juu chini.

Ni kweli. Ni mimi. Hezekia alinipa kipande cha muhogo wa kuchoma akaniuliza baba anafanya nini na chungu. Nilikuwa na njaa ya siku mbili. Chungu kilikuwa kimeoshwa tu, kimeinamishwa kikauke. Nilitaka kipande cha pili, nikasema baba amekigeuza ili mvua isije. Nikapewa kipande cha pili. Miaka arobaini na moja sijawahi kuyaandika haya wala kumwambia mtu.

Jina limekataliwa.

Jumapili, 24 Agosti

Mama ameuliza. Nimemwambia wamekubali.

Akauliza kama ni wote. Wote, nikasema. Hata Hezekia? Ningeishia hapo! Nikasema hasa Hezekia, tena alilia, machozi yakalowesha kanzu. Mama akasema Hezekia hakulia hata siku alipomzika mke wake, na kanzu hana.

Kisha akasema nimletee mtoto. Boke akamweka kifuani pake. Mama akamwita Kisyeri. Akamwita mara nyingi, polepole, kama mtu anayembembeleza aliyechelewa kurudi nyumbani. Boke alitoka nje.

Tulipobaki wawili akaniambia habari ya muhogo alikuwa anaijua tangu siku ile ile. Baba pia alijua. Baba alisema mtoto akishikwa na njaa asiulizwe kitu. Alisema hivyo akifunga mzigo wake.

Nilimshika miguu, ilikuwa ya baridi.

Jumatano, 27 Agosti

Tumemzika Mama. Alifariki Jumatatu alfajiri. Joram alichimba kaburi tangu asubuhi bila kupumzika, na hakutania hata mara moja. Mzee Hezekia alikuja, akasimama mbali, akaondoka. Mtoto tunamwita "mtoto" mbele za watu.

Ninaumia sana.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mvua imeanza. Omondi amepita akienda Sirari, amesimamisha pikipiki yake hapa. Bomba la pili limefunguliwa! Daktari ameandika barua ya kweli, yenye muhuri wa chuo. Bahasha ina jina la Mzee Hezekia, na Omondi alikuwa ameagizwa aitie mkononi mwake mwenyewe. Nilimbembeleza nusu saa. Nikamwonyesha mawingu. Akaniachia.

Nimeifungulia kwenye mvuke wa chai, kuhakikisha tu. Tabaka jeupe liko palepale, unene wa kidole. Chini yake yapo mengine kumi na moja, ya mamia ya miaka, kabla Kisyeri hajazaliwa wala babu wa babu yake. Anasema hakuna mtu aliyeifunga mvua ile. Nimesoma mara nne nikilia kwa sauti, Boke akaja mbio akidhani kuna msiba mwingine. Ritongo linakaa kesho. Barua hii peke yake inatosha kumrudisha baba nyumbani.

Ila ni fupi. Na hapaelezwi popote kwamba baba alikuwa mpole. Daktari amesahau, ana kazi nyingi. Chini ya sahihi yake pamebaki nafasi nzuri, na kalamu ya rangi ileile ninayo. Mistari miwili tu, halafu naifunga bahasha kwa gundi na kuipeleka.