Bwana Directeur ni Licencié

Wakubwa wa mkoa walipotangaza kwamba kabla ya mwezi kuisha kila directeur lazima awe licencié, yaani mtu mwenye shahada ya université, Lubumbashi nzima ilielewa kwamba maendeleo sasa yamefika. Katika Ofisi ya Mkoa ya Uratibu wa Makofi, tangazo hilo lilipokelewa kwa makofi ya daraja la pili, yale ya wastani. Kisha kila mtu akamtazama Bwana Directeur Rigobert Mukuka kwa jicho la pembeni.

Kwa wasiojua, ofisi hiyo ndiyo inayoamua watu wapige makofi wapi, kwa nguvu gani, na nani aanze. Ni kazi nzito, msicheke. Bila ofisi hiyo mtu angeweza kupiga makofi kwa sababu tu amefurahi, na hapo nchi ingefika wapi?

Balaa lilianzia redioni. Mama Laurentine, dada mkubwa wa Directeur, mwuza makala, yaani makaa, wa mtaa wa Katuba, alipiga simu kwenye kipindi cha asubuhi ili amsifu ndugu yake. "Rigobert iko na mayele, iko na akili!" alisema kwa sauti ya furaha. "Masomo aliachia mu cinquième ya secondaire, diplôme hata moja hana, na muangalie pahali amefika!" Alisema kwa upendo kabisa, masikini, na mji mzima ukasikia kwamba Directeur hakumaliza hata sekondari.

Ndiyo maana Anaclet aliitwa ofisini. Anaclet alikuwa mtoto wa huyo Mama Laurentine, na pia attaché de presse, yaani msemaji, wa mjomba wake, kazi aliyoipata katika mashindano makali kati yake na yeye mwenyewe. Aliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Alipenda hata tai yake.

"Yaya ameniua," Directeur alisema juu ya dada yake. "Mu cinquième! Mbele ya bantu bote!"

"Lakini Tonton, si njo kweli?"

"Hapa miye niko Tonton, mjomba wako?"

"Bwana Directeur, si njo kweli, Bwana Directeur?"

"Kweli iko kitu ya nyumbani. Huku tuko mu service. Miye nikianguka, na weye unarudia Katuba kubeba makala ya mama yako. Andika komunike ya kurekebisha. Sema Directeur iko licencié."

"Licencié ya nini? Droit? Économie?"

"Usiweke! Ukisema Droit, bataenda kuuliza ba-prof ya sheria."

"Ya université gani?"

"Anaclet! Unatafuta nini mu maisha yangu? Usiweke pahali, usiweke mwaka. Weka licencié, weka cachet, basi. Na mama yako, weka kwamba aliongea na malaria mu kichwa."

Makala ya mama huyo ndiyo yaliyomlipia Anaclet masomo, mpaka hiyo shahada ya kweli ambayo mjomba wake alikuwa akiitamani. "Hapana, Tonton," alisema, na hakujisahihisha. "Mama simuweki."

Directeur alimkodolea macho, lakini redio ilikuwa inangoja. "Bon. Toa mama. Lakini neno lingine usiongeze."

Hakuongeza. Komunike ilisema hivi: "Wakaaji wote wanajulishwa kwamba Bwana Rigobert Mukuka, Directeur wa Ofisi ya Mkoa ya Uratibu wa Makofi, ni licencié. Uamuzi huu unaanza kazi leo." Sentensi ya mwisho iliwekwa kwa kuwa komunike zote za ofisi hiyo huisha hivyo. Directeur aliisoma, ikampendeza, akatia sahihi na kugonga ile cachet, muhuri wa ofisi. Ikasomwa redioni saa sita mchana.

Sasa mnielewe vizuri. Kifaransa ni lugha bahili: kina neno moja kwa watu wawili, aliyemaliza université na aliyefukuzwa kazini. Wote wawili ni licencié. Huko mjini kwa maprofesa wanajua ile maana ya kwanza. Katuba, kwa watu waliozaliwa na wafanyakazi wa mgodi, neno hilo liliingia nyumbani pamoja na baba, asubuhi, saa ambayo baba hakupaswa kuwa nyumbani.

Anaclet alipofika kwa mama yake kula, alikuta majirani wamejaa kwenye mikeka kama kwenye kilio. Mzee Mwila, aliyefanya kazi mgodini, alimshika mkono.

"Pole, mwana. Na miye balinifanyaka licencié. Unaamuka, unavaa ma-bottes ya kazi, kiisha unakumbuka."

"Ni kinywa yangu!" Mama Laurentine alilia. "Kinywa yangu njo imefukuzisha mutoto ya mama yangu!"

"Mama, hapana! Licencié iko diplôme!"

"Diplôme gani? Ya cinquième?"

Anaclet akarudi mbio mjini.

Kule ofisini akamkuta mjomba wake amesimama, na Guelor Mumba, directeur adjoint, yaani naibu wake, ameketi.

"Guelor, toka mu kiti yangu!"

"Mukubwa, miye natii tu. Directeur ametangaza na cachet kwamba Directeur amefukuzwa. Miye nani nibishane na Directeur?"

"Ni licencié ya université, we mujinga!"

"Aaa, bon! Ya nini?"

Directeur akapanga upya makaratasi ya mezani.

"Ya wapi? Mwaka gani?"

Directeur alimtazama Anaclet. Anaclet akatazama feni.

"Haina shida," Mumba alisema kwa upole. "Kama ni makosa, rekebisha. Andika kwamba hauko licencié, redio isome, na miye nitasimama. Naapa."

Directeur alinyakua kalamu. Akaandika kwa mkono wake: "Mimi, Rigobert Mukuka, sijawahi hata siku moja kuwa licencié. Uamuzi huu unaanza kazi leo."

"Tonton, ngoja kidogo," Anaclet alimvuta shati. "Ile sheria mupya ya ba-directeur..."

"Nyamaza! Weye njo umeniharibia!" Akagonga muhuri mara mbili, kwa hasira.

Ilisomwa jioni hiyo, kabla ya habari za mpira. Mumba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasimama, kama alivyoapa, akampa Directeur mikono yote miwili.

"Aksanti sana, mukubwa. Tangu saa sita tulikuwa na shida: umefukuzwa, lakini sababu hatuna. Sasa umetupatia weye mwenyewe, na cachet juu."

Akaketi tena.